Magunga na Kilichokuwa Ndani ya Fuvu

Abiria anayetoka Sindo kwenda Magunga hupanda volkano pasipo kuambiwa. Barabara inapita katikati ya mashamba ya mahindi na mihogo, ng'ombe wanapishana na bodaboda, na milima ya Gwassi inajitokeza kidogo kidogo, imefunikwa vichaka hadi kwenye vilele vinavyozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria limelala chini, kwenye mita 1,134 hivi. Mwinuko huo ni mabaki ya Kisingiri, volkano iliyokuwa ikitema moto na majivu hapa katika enzi ya Miosini, miaka ipatayo milioni 20 iliyopita. Mvua za mamilioni ya miaka zimekula kilele chake. Zimebaki mbavu: Gwassi upande huu, Gembe upande wa Mbita, na kati yake Rangwa, palipokuwa na kaldera. Huko Rangwa mmomonyoko umefika ndani kabisa, na msafiri anaweza kukanyaga miamba ambayo, volkano ilipokuwa hai, ilikuwa imezikwa tumboni mwake.

Magunga imekaa kwenye ubavu wa mlima huo. Ni mji mdogo, makao makuu ya Suba Kusini katika kaunti ya Homa Bay, na kutoka hapo njia inaendelea kusini hadi Karungu, katika kaunti ya Migori. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya ufukweni. Jioni, joto la Sindo likiwa bado limeng'ang'ania mabati, hapa upepo wa mlimani umekwisha kushuka. Wenyeji ni Wagwassi wa jamii ya Abasuba. Wako wazee wanaojua Olusuba, ingawa sokoni Kijaluo ndicho kinachotawala, na mgeni akifika husalimiwa kwa Kiswahili bila kuulizwa ametoka wapi. Chakula ni cha nchi ya ziwa: ugali wa mtama au wa mahindi, ngege wa mchuzi wa nyanya, na osuga, mboga yenye uchungu kidogo ambayo mtu akiizoea hataki tena sukuma wiki. Nimependa mji huu tangu nilipouona, na sababu za kuupenda zimeongezeka kadiri nilivyojua uko juu ya nini.

Jambo lililonileta ni ubongo. Nilitaka kuelewa sehemu yake moja iitwayo thalamasi, na jinsi inavyoungana na gamba la ubongo kwa wanyama wa kundi letu, yaani tumbili, nyani, sokwe na binadamu, ambao wataalamu huwaita primati. Habari hiyo imo vitabuni, na vingine ni vinene. Lakini mmoja wa watu walioijenga elimu hiyo kuanzia msingi ndiye pia aliyefumbua siri ya fuvu lililotoka nchi hii ya Kisingiri, na nilipogundua hivyo sikuweza kuisoma habari yake nikiwa mbali.

Fuvu lenyewe lilionekana tarehe 2 Oktoba 1948 kwenye kisiwa cha Rusinga, kaskazini ya Magunga. Mtafiti Mary Leakey alikuwa akitembea kwenye miteremko iliyomomonyoka, akaona vipande vya mfupa, akachimba, na uso wa mnyama ukatokea. Hadi siku hiyo hakuna aliyewahi kuona uso wa sokwe wa kale kiasi hicho. Ulikuwa na umri wa takriban miaka milioni 18. Wakati huo mnyama aliitwa Proconsul, jina lililotolewa mwaka 1933 kwa mabaki ya Koru. Baadaye spishi ya Rusinga ilipewa jina la heseloni kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkikuyu aliyefanya kazi na akina Leakey kwa miaka mingi, na mwaka 2015 wataalamu, wakiwemo wa Kenya, waliitenga katika jenasi ya Ekembo, neno walilolichukua kutoka Olusuba. Mnyama huyo sasa anaitwa Ekembo heseloni popote duniani atajwapo.

Fuvu lilidumu kwa sababu ya Kisingiri. Volkano nyingi hutoa majivu ambayo, yakiingia kwenye udongo, huacha mifupa ioze. Kisingiri ilikuwa ya aina adimu, inayotoa kabonatiti, na majivu yake yalijaa kabonati ileile iliyomo katika chokaa. Maji ya mvua yalipoyapenyeza kabonati hiyo kwenye matope, mifupa iligandishwa kabla asidi ya udongo haijaitafuna. Ndiyo maana visiwa vya Rusinga na Mfangano vimetoa mifupa ya mikono na miguu, mbegu, matunda, wadudu, hata mijusi. Mlima uliopamba upande wa juu wa Magunga ndio uliowatunza viumbe hao.

Mary Leakey alilipeleka fuvu Uingereza kwa ndege, akalifikisha Oxford kwa Wilfrid Le Gros Clark. Huyu ndiye mtu niliyekuwa nikimfuata. Alizaliwa mwaka 1895, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikuwa daktari wa serikali huko Sarawak, katika kisiwa cha Borneo. Huko alivutiwa na tasia, primati mdogo wa usiku mwenye macho makubwa kupita kiasi. Mwaka 1930 alichapisha maelezo ya thalamasi ya tasia. Mwaka 1932 aliandika makala ndefu kuhusu muundo wa thalamasi na miunganiko yake, wakati sehemu hiyo ilikuwa bado msitu usiokatwa njia. Mwaka 1934 alipewa kiti cha uprofesa wa anatomia Oxford, na mwaka huohuo, yeye na mwenzake Penman walionyesha kwamba kila sehemu ya retina ina mahali pake maalumu ndani ya thalamasi. Basi fuvu la Rusinga lilipowekwa mezani kwake lilikutana na mtu aliyekuwa ametumia karibu miaka 20 kuchunguza ubongo wa primati.

Yeye na Louis Leakey, mume wa Mary, walitoa kitabu chao juu ya sokwe wa Miosini wa Afrika Mashariki mwaka 1951. Ubongo wenyewe haukuwepo, bila shaka. Ulioza siku chache baada ya mnyama kufa. Kilichobaki ni alama za mikunjo yake upande wa ndani wa mfupa, kwa kuwa ubongo unapokua hulisukuma fuvu na kuacha chapa. Mwaka 1983 watafiti waliounganisha upya fuvu hilo, pamoja na vipande vilivyokuwa vimekaa katika hifadhi ya makumbusho bila kutambuliwa, walikadiria ujazo wa ubongo wake kuwa sentimita za ujazo 167 hivi. Kiasi hicho hakiko mbali na cha nyani wa leo, ingawa mwili wake ulikuwa mdogo kuliko wa nyani dume.

Hapo ndipo Gwassi iliponishika. Pale Rangwa gamba la volkano limekwenda na kiini chake kimebaki. Kule Rusinga gamba la kichwa limebaki na kiini kimekwenda. Alama za fuvuni hueleza uso wa ubongo peke yake; thalamasi imekaa katikati kabisa, haigusi mfupa popote, na haiachi chapa. Yapo matundu machache ambamo neva zilipita zikielekea ndani, kwa mfano tundu la neva ya jicho, na kutokana nayo mtu anaweza kusema kwamba mnyama huyu aliona na kwamba habari za macho yake zilikuwa zikienda mahali. Mahali penyewe hapaonekani. Anayetaka kujua jinsi palivyokuwa anapaswa kuwatazama walio hai, na kwenye milima hii walio hai ni wengi.

Alfajiri nyani hushuka kutoka kwenye vichaka vya mlimani. Nilisimama kando ya shamba la mama mmoja wa makamo aliyekuwa akilinda mahindi yake na debe la kugonga. "Mwanangu, huyu ananijua," aliniambia, akimwonyesha dume aliyeketi juu ya jiwe, mbali kidogo. "Akiniona mimi haondoki. Akitokea mwanamume, hata akiwa bado kule barabarani, anakimbia. Na ukivaa suruali na koti la mzee, anakutazama kwanza, halafu anaamua." Kauli hii nimeisikia kwa wakulima wa sehemu nyingi za Kenya, na naiamini. Mama alikuwa ameeleza, kwa maneno machache kuliko yangu, kazi ambayo thalamasi na gamba la ubongo huifanya pamoja.

Kila upande wa ubongo una thalamasi yake. Kwa binadamu ina umbo la yai na urefu wa sentimita 3 hivi. Kwa nyani ni ndogo zaidi, lakini mpangilio ni uleule. Utando wa nyuzi nyeupe wenye umbo la herufi Y hupita ndani yake na kuigawa, na katika kila sehemu mna viini, yaani makundi ya seli za neva, kila kundi na chanzo chake na mwisho wake. Nyuma kabisa, upande wa nje, kuna jenikulati ya pembeni, ambako nyuzi za macho hufikia. Kwa nyani, kwa tumbili na kwetu sisi, kiini hiki kina tabaka sita zilizopandana. Mbili za chini zina seli kubwa, zenye wepesi wa kutambua mwendo na tofauti hafifu za mwanga. Nne za juu zina seli ndogo, zinazobeba rangi na mambo madogo madogo, kama vile hindi lililokomaa na lile ambalo bado ni bichi. Na kila tabaka ni la jicho moja: la kwanza, la nne na la sita hupokea habari za jicho la upande wa pili, la pili, la tatu na la tano hupokea za jicho la upande uleule. Macho mawili yanakaa bega kwa bega ndani ya kiini kimoja wala hayachanganyiki, mpaka habari zao zifike kwenye gamba.

Le Gros Clark alichangia sana katika kuthibitisha mpangilio huo wa macho na tabaka. Aliwahi pia kudhani kwamba tabaka sita, zikiwa jozi tatu, zinalingana na rangi tatu za msingi. Dhana hiyo haikusimama. Naitaja kwa heshima, kwa kuwa ilikuwa dhana ya mtu aliyeuona muundo mzuri na kuutafutia sababu, na tangu hapo waliomfuata walijua swali la kuuliza.

Kando ya jenikulati ya pembeni kuna ya kati, ya kusikia. Mbele kidogo kuna viini vya mguso, ambamo mwili wote umechorwa, uso ukiwa upande wa ndani na miguu upande wa nje, na mikono na midomo ikipewa nafasi kubwa kuliko ukubwa wake mwilini. Ukimtazama nyani akimenya hindi utaelewa kwa nini. Vipo viini vinavyopokea kutoka serebelamu na kupeleka kwenye sehemu ya gamba inayoamuru misuli, vipo vya kumbukumbu upande wa mbele, na kipo kiini kikubwa cha katikati kinachoshikamana na gamba la nyuma ya paji la uso, ambalo kwa primati limekua sana. Kisha kuna pulvina, nyuma kabisa ya thalamasi. Kwa wanyama wengi ni ndogo au haitofautiki vizuri. Kwa primati imetanuka, na kwa binadamu ndiyo kiini kikubwa kuliko vyote. Inaungana na sehemu za gamba zinazohusika na kuona, kuelekeza macho na kuamua ni kitu gani kati ya vingi kinastahili kutazamwa. Nyani yule wa juu ya jiwe alikuwa na majani elfu moja yakicheza mbele ya macho yake, na katika hayo yote alikuwa akiangalia koti.

Kutoka Magunga niliteremka hadi Nyandiwa, ufukweni. Mahali hapa Wajaluo na Abasuba wote hupajua kwa habari ya Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi maskini aliyemnasa ajuza ziwani badala ya samaki, akamkaribisha nyumbani, akatajirika kwa ng'ombe, kisha siku moja akarudi amelewa na kumtukana. Ajuza akaondoka kurudi ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata majini. Nyamgondho alisimama akiwatazama, akageuka mti. Mwenyeji atakuonyesha mahali penyewe, na atakisimulia kisa kana kwamba alikuwepo.

Harufu ya omena inayoanikwa hapo inakupokea kabla hujaliona ziwa. Harufu ina njia yake ya peke yake: kati ya hisi zetu zote, ndiyo pekee inayofika kwenye gamba la ubongo bila kupitia kwanza thalamasi. Kila kingine nilichokutana nacho Nyandiwa, sauti za mashua zikivutwa mchangani, jua mgongoni, chumvi ya omena ulimini, kilibidi kipitie katikati.

Kupitia huko hakufanani na maji yanavyopita bombani, na ufuko huu ndio ulionisaidia kulielewa hilo. Samaki hupanda kutoka Nyandiwa kwenda Magunga. Lakini kabla hawajapanda, na wakiwa njiani, simu zinateremka: mwenye hoteli anataka ngege wa saizi ya sahani, muuzaji mwingine anasema omena ya jana haijaisha, mwingine anauliza kama mbuta ametoka. Simu ni nyingi kuliko safari za samaki, na ndizo zinazoamua kipi kipande na kipi kibaki. Ndivyo ilivyo kati ya thalamasi na gamba. Kwenye jenikulati ya pembeni, miunganiko inayotoka machoni ni asilimia 5 hadi 10 tu ya yote. Iliyobaki inatoka kwenye gamba lenyewe, kwenye seli za kuzuia zilizo jirani na kwenye shina la ubongo. Gamba lina tabaka sita pia: ishara za thalamasi huingia hasa kwenye tabaka la nne, na seli za tabaka la sita hurudisha majibu kwenye kiini kilekile ishara zilikotoka. Mazungumzo hayo hayakomi hata sekunde moja mtu akiwa macho.

Jinsi wanadamu walivyoijua ramani hii ni habari inayonitia uchungu na shukrani kwa pamoja. Njia ya kale ilikuwa kuondoa sehemu ndogo ya gamba la kima aliyelazwa kwa dawa, kungoja wiki kadhaa, kisha kukata thalamasi vipande vyembamba na kutafuta seli zilizokufa. Seli ikikosa mahali inapopeleka uzi wake, hunyauka. Kiini kilichonyauka ndicho kilichokuwa kikihudumia sehemu ile ya gamba. Earl Walker wa Chicago alitumia njia hiyo katika kitabu chake cha 1938 juu ya thalamasi ya primati. Mwaka 1953 Le Gros Clark na Thomas Powell waliitumia kuonyesha jinsi viini vya mguso vinavyolingana na gamba la mguso, hatua kwa hatua. Mwaka huohuo Le Gros Clark alikuwa mmoja wa watu watatu waliofichua kwamba fuvu maarufu la Piltdown, lililodaiwa kuwa la binadamu wa kale wa Uingereza, lilikuwa la kughushi. Nadhani mambo hayo mawili yalitoka kwenye tabia moja ya kuutazama mfupa na seli bila kuviambia viseme nini. Na wakati fuvu la kughushi likianguka, lile la Rusinga lilisimama.

Kiti chake cha Oxford baadaye kilikaliwa na Ray Guillery, ambaye pamoja na Murray Sherman waliibadilisha tena picha. Walionyesha kwamba viini vya thalamasi viko vya namna mbili. Vingine, kama jenikulati, hupokea habari kutoka nje ya ubongo na kuzipeleka kwenye gamba. Vingine, kama sehemu kubwa ya pulvina na kile kiini cha katikati, hupokea habari kutoka tabaka la tano la gamba lenyewe na kuzipeleka kwenye sehemu nyingine ya gamba. Maana yake ni kwamba sehemu mbili za gamba zikitaka kuambiana jambo, mara nyingi huliteremsha kwanza hadi katikati na kulipandisha tena, ingawa zina nyuzi za moja kwa moja. Kwa primati viini vya namna hii ya pili vimepata nafasi kubwa, kwa hiyo thalamasi ilikua pamoja na gamba, mguu kwa mguu. Ekembo alikuwa amefika umbali gani katika safari hiyo, mfupa hausemi.

Mashariki ya Gwassi liko bonde la Lambwe, na ndani yake Ruma, hifadhi ya taifa tangu 1983, mahali pekee nchini Kenya ambapo swala waitwao korongo bado wanaishi porini. Nyasi zake ni ndefu, twiga wanatembea ndani yake kwa utaratibu wao, na ukungu wa asubuhi unachelewa kuondoka. Uzuri huo ulibaki kwa sababu watu walikimbia. Bonde lilikuwa la mbung'o, na mbung'o walileta malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliua watu wengi mno kandokando ya Ziwa Victoria, hasa Busoga, na Lambwe ilipata milipuko hata miaka ya 1980.

Malale ni ugonjwa unaoonyesha kwa ukatili kile ambacho katikati ya ubongo hutufanyia kila siku. Vimelea hukaa kwanza kwenye damu. Vikivuka na kuingia kwenye ubongo, huwasha uvimbe katika sehemu zake za ndani, na mpangilio wa usingizi unavunjika. Mgonjwa hulala mchana katikati ya sentensi na kukesha usiku. Katika ubongo mzima, usingizi mzito unapokuja, seli za thalamasi hubadili mtindo: huacha kupeleka kila ishara kama ilivyokuja na kuanza kufyatuka kwa mafungu, kwa mdundo. Mdundo huo huongozwa na utando mwembamba wa seli unaoifunika thalamasi kwa nje, uitwao retikula, ambao hautumi uzi wowote kwenye gamba. Kazi yake yote ni kuvizuia na kuvirekebisha viini vilivyo ndani. Mlango haufungwi kabisa, lakini sauti ya jogoo haifiki. Upande wa pili wa dunia, huko Bologna, mwaka 1986 madaktari walieleza ugonjwa wa kurithi unaomnyang'anya mtu usingizi hadi kufa, na walipochunguza ubongo wa waliofariki walikuta viini viwili vya thalamasi, cha mbele na kile cha katikati, vimeangamia.

Lambwe imepona. Mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, dawa, kazi ya wataalamu wa wadudu na subira ya wakazi vimefanya kazi yake. Kituo cha utafiti cha ICIPE, taasisi aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kiko Mbita, mwendo mfupi kutoka bondeni. Mgonjwa wa mwisho mwenyeji alionekana nchini mwaka 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tena tatizo la afya ya umma Kenya. Nilifurahi kulisema hilo kwa sauti kwenye gari nikipita Lambwe, na dereva, kijana mwenye adabu, akanijibu, "Nyanya yangu alizikwa kwa ugonjwa huo, mzee. Watoto wangu hawaujui hata jina."

Ukiendelea kusini kutoka Magunga unafika Karungu. Huko ndiko Felix Oswald, mwanajiolojia Mwingereza, alikochimba visukuku kuanzia mwaka 1911, miaka mingi kabla ya Rusinga kujulikana. Kitabu alichokitoa mwaka 1915 hakikuitwa kwa jina la mifupa aliyoipata. Kiliitwa kwa jina la nchi ya malale aliyoitembea peke yake. Tabaka za Karungu zinaonekana wazi kwenye makorongo, nyeupe na kijivu, na zinatoka enzi ileile ya Miosini. Msafiri aende na mwenyeji, asiokote kitu, na akiona mfupa auache ulipo na kuwaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa.

Fuvu la 1948 liko Nairobi, na ni sawa likae huko penye ulinzi. Lakini Magunga inastahili chumba kimoja. Kaunti ya Homa Bay ingeweza kuweka pale nakala ya fuvu, ramani ya Kisingiri ilipokuwa nzima, kipande cha kabonatiti kutoka Rangwa, na mfano wa ubongo unaofunguka katikati ili mtu aione thalamasi na kuigusa. Gharama yake haizidi ya mabanda mengi tunayoyajenga na kuyaacha. Walimu wa sayansi wa shule za Gwassi wangejua la kufanya na vitu hivyo asubuhi ileile mlango utakapofunguliwa.